Rundo la Jumatano: toleo lisiloshibisha peke yake nalinunua la nini?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salamu. Rundo la komiki za wiki hii (mpya hutoka Jumatano) nimelimaliza jana usiku na limeniachia kinyongo. Matoleo matano. Mawili yamenifurahisha, moja nimelirudia kwa ajili ya michoro tu. Hayo mawili yaliyobaki, mtu akiniuliza asubuhi hii yalihusu nini, sina la kumjibu. Watu wamesimama juu ya paa wanaongea. Wameshuka, wameingia ndani, wanaongea. Ukurasa wa mwisho mlango unafunguka, kinaonekana kivuli cha mtu, "itaendelea". Kurasa ishirini zimekwisha hapo.

Majina yake siyataji, kwa sababu nikiyataja tutaanza kubishana juu ya mwandishi fulani na fulani, na ninachotaka kusema ni zaidi ya hao wawili. Ni hivi: toleo moja la komiki lazima lishibishe. Sikusema limalize kila kitu. Mwendelezo ndio uhai wa komiki za mashujaa, nani asiyejua. Nasema nikifunga jalada la nyuma niwe nimepewa kitu kizima: tukio lililoanza likafika mahali, mtu aliyebadilika walau kidogo, au picha moja itakayonikosesha usingizi.

Na msiniambie haiwezekani. Chukueni Amazing Fantasy namba 15, ya Agosti 1962. Mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walipewa kurasa 11 tu za Spider-Man, kwani ndani ya kijitabu hicho kulikuwa na hadithi nyingine pia. Kurasa 11! Humo mna kijana anayechekwa shuleni, Peter Parker, mna buibui, mna pambano la mieleka, mna umaarufu wa televisheni, mna mwizi anayeachwa apite kwa jeuri tu, mna msiba nyumbani, mna kumsaka muuaji na kumtambua sura. (Tumezoea kumwita Ben, mlezi wa Peter anayeuawa humo, mjomba kwa sababu ya tafsiri za haraka haraka. Ben ni ndugu wa baba yake Peter. Huyo ni baba mkubwa, jamani, si mjomba.) Ile fremu (kisanduku cha mchoro) Peter anapouona uso wa mwizi na kukumbuka ni nani, hakuna aliyetusimulia miezi sita ili tuumie. Tumeumia palepale.

Mwaka 2000 kampuni ya Marvel wakaanza upya na Ultimate Spider-Man ya Brian Michael Bendis na Mark Bagley. Chanzo kilekile cha shujaa kikachukua matoleo saba. Ni kazi nzuri, nimeisoma zaidi ya mara moja, maongezi yake yana ladha na Bagley anajua kuchora vijana. Lakini mafanikio yake yaliwafundisha wengine somo baya. Wakagundua kwamba matoleo matano au sita yakiunganishwa yanakuwa kitabu cha mkusanyo chenye uti wa mgongo, kinachokaa kwenye rafu ya duka la vitabu miaka na miaka. Tangu hapo waandishi wengi wanaandika kitabu cha kurasa mia na ushee, halafu kisu kinapita kila baada ya kurasa ishirini. Aliyenunua Jumatano anapewa kipande kisichojua kama ni kichwa au mkia.

Sasa nije kwenye sifa, nisionekane mzee wa kulalamika. Ukitaka kuona watu wanaojua kulijaza toleo moja, rudi kwenye ile safu ya Absolute ya kampuni ya DC iliyoanza Oktoba 2024. Absolute Batman namba 1 ya Scott Snyder na Nick Dragotta. Bruce Wayne, ndiye Batman, hapa hana utajiri, hana jumba, hana mtumishi. Ni mhandisi wa mji. Mama yake yuko hai. Baba yake alikuwa mwalimu, akauawa kwenye bustani ya wanyama akiwa na wanafunzi wake. Alfred, tuliyemzoea kama mtumishi wake, hapa ni jasusi anayemchunguza huyu jitu aliyeibuka mji wa Gotham, na yeye ndiye anayetusimulia. Mambo hayo yote yangeweza kugawanywa miezi minne kwa urahisi kabisa. Snyder kayapanga ndani ya toleo moja kwa kuzungusha zamani na sasa, na bado akapata nafasi ya vurugu: ile nembo ya popo kifuani inabanduka na kuwa shoka! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ni wazo la kitoto kabisa, na ndiyo maana limekaa vizuri. Dragotta naye anamchora mtu mpana kama lori, fremu zenyewe zinaonekana kumbana. Unafunga kijitabu unajua huyu Batman ni nani, anamchukia nani, na kwa nini Alfred ameanza kumwonea huruma.

Absolute Wonder Woman ya Kelly Thompson na Hayden Sherman kwangu ndiyo bora kuliko zote. Diana, ndiye Wonder Woman, amelelewa kuzimu na Circe, mchawi ambaye hata neno Amazoni, jina la kabila la Diana la wanawake mashujaa, amekatazwa kulitamka. Mtu ungetegemea mwanamke aliyekulia huko atoke na roho ya kutu. Thompson kafanya kinyume: kuzimu kumemfunza upole. Kanakuja katoto kadogo kasikoogopa wadudu wala mazimwi, na mchawi aliyekuwa hataki kumlea anaanza kulegea. Mwisho wa toleo nikawa namjali Circe kuliko Diana mwenyewe, na hilo sikulitegemea. Sherman naye haweki fremu mraba kama vigae vya bafuni, anazipinda zifuate tukio. Yule Pegaso, farasi mwenye mabawa, wa mifupa mitupu angeweza kuwa kichekesho, lakini kwa mkono wake anatisha na anasikitisha kwa pamoja.

Absolute Superman nimeipenda kwa wastani. Tuendelee.

Halafu kuna Absolute Martian Manhunter ya Deniz Camp na Javier Rodríguez, ya Machi 2025. Mimi huyo shujaa nilikuwa namhesabu ni mtu wa kujazia meza ya Justice League, kundi la mashujaa wa DC. Hapa ni mpelelezi wa FBI anayenusurika mlipuko wa bomu, kisha anaanza kuona mawazo ya watu kama moshi wa rangi unaowatoka. Basi. Hapo ndipo komiki inapoishinda filamu, kwa sababu rangi si pambo tena, rangi ndiyo ushahidi wa kesi. Mume na mke wamekaa chumba kimoja, kila mmoja na moshi wake, nawe unasoma ndoa yao bila hata neno moja. Walitangaza matoleo sita, yakaongezwa yakawa kumi na mawili, na nina furaha.

Kwa hiyo uwezo upo. Ndiyo maana yale mawili ya jana yameniudhi.

Kipimo changu ni hiki: chukua toleo la wiki hii, mpe mtu ambaye hajawahi kusoma mfululizo huo. Asipoelewa jina la mji, sawa. Asipojua adui alitoka wapi, sawa. Lakini akimaliza akuambie nini kimetokea. Akishindwa, mwandishi kashindwa.

Jukwaa ni lenu.

#2

Naweka kiti hapa mbele. Wajuzi waje.

#3

Mkuu umeandika vizuri ila umechagua ushahidi unaokupendelea. Nami nakuletea wangu kutoka nyumba ileile ya Lee na Ditko. Amazing Spider-Man namba 33, ya Februari 1966. Ukiuliza mashabiki mia wakutajie kurasa kubwa kuliko zote za Spider-Man, wengi watakutajia zile za Peter amebanwa chini ya mtambo na maji yanaingia. Sasa hilo toleo ni sehemu ya TATU ya hadithi iliyoanza namba 31. Kwa kipimo chako lingekuwa kipande cha mkia. Uzito wake umetoka wapi kama si kwenye matoleo mawili ya kabla?

Pili, kusubiri ni sehemu ya starehe yenyewe. Mwaka 2019 Jonathan Hickman alitoa House of X na Powers of X, kumi na mbili kwa jumla, zikipokezana wiki kwa wiki kuanzia Julai hadi Oktoba. Toleo la 2 la House of X tukaambiwa Moira, mwanasayansi wa siku nyingi kwenye hadithi za X-Men, ameishi maisha kumi, na kila tulichokuwa tunakijua kuhusu X-Men kikapinduka. Wiki nzima watu walikuwa wanachora michoro ya nyakati kwenye daftari. Ukisema kila toleo lijitosheleze, vitu kama hivyo vinakufa. Baadhi ya matoleo yale ukimpa mgeni atadhani amepewa ripoti ya benki, maana kulikuwa na kurasa nzima za majedwali na maandishi. Na bado yalikuwa moto.

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu, nilijua namba 33 itakuja, sikujua itakuja mapema hivi.

Lakini fungua hilo toleo kama mtu usiyejua kitu. Kuna mtu ameelemewa na chuma. Maji yanavuja kutoka juu. Mbele yake, hatua chache tu, kuna dawa itakayomwokoa shangazi yake. Anaiona, hafikii. Unahitaji toleo la 31 la nini hapo? Ditko anakupa fremu ndogo ndogo, kisha zinaanza kukua kadiri chuma kinavyonyanyuka, mpaka ukurasa mzima unakuwa fremu moja na mtu yuko huru. Huo ni mwanzo, katikati na mwisho, tena ndani ya kurasa za mwanzo tu za toleo. Matoleo mawili ya nyuma yanaongeza uzito, nakubali. Hayabebi maana peke yake. Ushahidi wako ni wangu, mkuu, umenibebea hadi mlangoni.

Kwa Hickman umenikamata kidogo. House of X namba 2 inasimama yenyewe, ni maisha kumi ya mtu mmoja yaliyopangwa kwa mstari, mgeni anaweza kuisoma. Ila yapo mengine humo yaliyokuwa majedwali yamevaa kofia ya X-Men, na mimi niliyasamehe kwa sababu toleo lililofuata nililingoja wiki moja tu, si mwezi mzima. Labda nirekebishe hivi: anayetoa kila wiki anaruhusiwa kunikopa. Anayetoa kila mwezi anilipe taslimu.

#5

Kaka mleta uzi, nimesoma sifa zako zote, umemsifu mwandishi na mchoraji tu. Umesema rangi ndiyo ushahidi wa kesi, basi angalau useme kwamba Rodríguez anapaka rangi zake mwenyewe. Na Absolute Wonder Woman rangi zake ni za Jordie Bellaire. Kule kuzimu kungekuwa mkaa mtupu kama si yeye kujua wapi aweke wekundu na wapi auache.

Na wachora herufi je? Hao hatuwataji hata siku moja, na ndio wanaoamua macho yako yatembee wapi. Namba 337 ya Thor, Novemba 1983, Walt Simonson anachukua mfululizo uliokuwa umechoka. Kuna kiumbe asiyeonekana vizuri anafua chuma gizani, na mlio wa nyundo umeandikwa DOOM kwa herufi kubwa kama nguzo. Herufi zile ni za John Workman. Si maneno yaliyobandikwa juu ya mchoro, ni sehemu ya jengo. Baadaye unamkuta Beta Ray Bill, mwenye uso kama fuvu la farasi, anainyanyua nyundo ya Thor, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Toleo hilo linashibisha NA linakuacha na deni, kwa sababu yule mfua chuma hukumjua na ungengoja sana kumjua. Kwa hiyo si lazima tuchague.

Mimi matoleo yanayonikera si yale ya maongezi. Ni yale ambayo wachoraji watatu wamepokezana kumaliza kurasa ishirini kwa kuwa tarehe imefika. Shujaa anaingia mlangoni na pua moja, anatoka na nyingine.

#6 Mleta uzi

Dada, nimepigwa na nimenyamaza. Ya pua nimecheka mpaka nimeamsha watu. Nimeandika Workman na Bellaire kwenye kichwa changu kwa wino.

#7

Hapa naona mnasahau jambo moja, kwamba zamani walijua kuitumia hiyo wiki yenyewe kama chombo. Kifo cha Superman. Watu wengi wanakumbuka Superman namba 75 ya Dan Jurgens, iliyotoka Novemba 1992 ndani ya mfuko mweusi na kitambaa cha msiba cha kufunga mkononi. Wengine walinunua mbili, moja wasome na nyingine isifunguliwe wakidhani watakuja kutajirika. Hao tuwaache.

Wachache wanakumbuka ilivyojengwa. Superman alikuwa na mifululizo minne inayopokezana, kwa hiyo kila wiki kulikuwa na kitu. Pambano na Doomsday, zimwi lililomuua, lilipokaribia mwisho, Adventures of Superman 497 ikawa na fremu nne kila ukurasa. Wiki iliyofuata Action Comics 684, fremu tatu. Halafu Superman: The Man of Steel 19, fremu mbili. Halafu 75, kila ukurasa ni picha moja. Mapigo ya moyo yanapungua! Msomaji wa Jumatano aliyahisi kwa wiki nne. Msomaji wa mkusanyo anayapitia kwa saa moja, na wengi wao hata hawaoni hesabu hiyo.

Kwa hiyo mimi nasema mleta uzi kakosea kidogo. Toleo halishindani na mkusanyo kwa sababu linajitegemea. Linashindana kwa sababu lina wiki tupu mbele yake na nyuma yake, na mwandishi mzuri anaitumia hiyo nafasi tupu kama mchoraji anavyotumia karatasi nyeupe.

#8

Mimi ni wa programu za simu. Marvel Unlimited toleo likitimiza miezi mitatu nalikuta humo. Kwa DC ukichukua daraja la juu ni kama siku thelathini. Nasoma sita kwa mpigo, wala sijui hata lilikatwa wapi. Nyie mnalipa dola 3.99 au 4.99 kwa kurasa ishirini halafu mnakuja kulia humu. Subira, wakuu.

#9 Mleta uzi

#7, hiyo ya fremu nne, tatu, mbili, moja nilikuwa naijua na nimeisahau kuiweka, najilaumu. Ila angalia, 75 ikichukuliwa peke yake bado inasimama: watu wawili wanapigana mpaka wote wanaanguka. Hata asiyejua Metropolis, mji wa Superman, iko wapi ataelewa. Hoja ya karatasi nyeupe naichukua, ni bora kuliko yangu.

#8, subira yako ina mlipaji, na mlipaji ni sisi. Duka linaagiza matoleo wiki kadhaa kabla hayajatoka, na kwa kawaida yasiponunuliwa hayarudishwi. Mwenye duka anaagiza kwa woga, kampuni inasoma maagizo hayo, mfululizo unafutwa kabla wewe wa miezi mitatu hujauona. Ndiyo maana kila mwaka mnaletewa namba 1 mpya: namba 1 inaagizwa kwa wingi. Ndiyo maana toleo moja lina majalada sita tofauti. X-Men namba 1 ya 1991 ya Chris Claremont na Jim Lee iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8 kwa mtindo huo wa majalada, miaka michache baadaye soko likaporomoka, na Desemba 1996 Marvel wenyewe wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Msambazaji Diamond naye akaenda njia hiyohiyo Januari 2025. Jalada la dhahabu halikuwahi kumfanya mtu arudi Jumatano inayofuata. Kilichomo ndani ndicho kinachomrudisha.

#10

Samahani kwa kuingilia, DC si walikuwa wanatoa Jumanne?

#11 Mleta uzi

Walikuwa. Walihama 2020 walipoachana na Diamond, wakarudi Jumatano Julai 2024. Jumanne haikuwa na baraka.

#12

Nimerudi, mimi wa #3. Nimefanya kile kipimo, ili nikushinde kwa ushahidi.

Nimempa mdogo wangu, ana miaka kumi na mitatu, mashujaa anawajua kwenye filamu tu. Sikumpa la zamani, asije akasema michoro ya kizee. Nimempa Ultimate Spider-Man namba 1 ya Hickman na Marco Checchetto, ile ya Januari 2024, ambayo Peter ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na hajawahi kuumwa na buibui. Nilikuwa na uhakika atachoka. Toleo zima ni watu wanaongea! Baba mkubwa Ben yuko hai, yuko gazetini na mhariri Jameson, wanaongea. Peter na Mary Jane wanaongea. Hakuna ngumi ya maana. Kwa maelezo yako, mleta uzi, lilipaswa kuwa ugonjwa uleule wa juu ya paa.

Alisoma kimya. Alipofika mwisho nikamuuliza nini kimetokea. Akasema: "Kuna mtu ana kila kitu lakini anahisi kuna kitu alipaswa kuwa, halafu anapewa nafasi ya kuchagua, akachagua." Nikakaa kimya.

Kisha akaniuliza la pili liko wapi. Nikamwambia kwa yule mleta uzi wetu hilo swali linaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Hakunielewa, akaenda kulitafuta mwenyewe kwenye sanduku langu, na sasa mifuko ya plastiki niliyohifadhia iko sakafuni yote.

#13 Mleta uzi

Mwambie aoshe mikono kwanza. Na akifika la nne aje humu, nina maswali naye.